Litaota Jingine, Lakini Wapi?

Binti yangu alikuwa na miaka 6 na miezi kadhaa alipong'olewa gego la chini, upande wa kulia. Tulitoka kliniki na pamba iliyolowa damu, dawa ya maumivu, na maneno ya kututuliza: "Usijali mama, hilo ni la utoto, litaota jingine." Jioni bibi yake alimsimamia uani akalirusha jino juu ya paa, wadogo zake wakamcheka pengo, na mimi nikalisahau jambo lile kwa karibu miaka mitatu.

Alipotimiza miaka 9, daktari mwingine aliingiza rula ndogo ya chuma mdomoni mwake akaniita nisome mwenyewe. Gego lililong'olewa huwa na upana wa karibu milimita 10, na jino la kudumu linalorithi mahali pake huwa na takriban milimita 7. Pengo la binti yangu lilikuwa limebaki milimita 4. Kwenye picha ya eksirei, jino lile jipya lilionekana limelala ndani ya taya, likisubiri mlango ambao ulikuwa umeshafungwa nusu.

Ninachokilalamikia si kung'olewa kwa jino, kwa sababu lilikuwa limeoza hadi kutoa usaha, na mwenye kosa la kuchelewa ni mimi. Ninalalamikia kwamba jino liliondolewa bila mtu yeyote kulizungumzia pengo. Kumwambia mzazi "litaota jingine" bila kumwambia kwamba la mahali hapo huota mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12 ni kumpa nusu ya habari, na nusu iliyofichwa ndiyo yenye gharama.

Wazazi wengi hatujui kwamba mtoto akikaribia miaka 6 huota gego la kudumu nyuma kabisa ya meno ya utoto. Haling'oi jino lolote ili lipite, kwa hiyo tunalidhania kuwa nalo ni la utoto, na mara nyingi tunaliacha lioze vilevile. Gego hilo huegemea jirani yake wa mbele. Jirani huyo akiondoka kabla ya wakati, lenyewe huanza kujisogeza mbele, kama abiria wa kiti cha nyuma cha daladala mwenzao mmoja anaposhuka, na sehemu kubwa ya msogeo huo hutokea katika miezi 6 ya mwanzo. Ndiyo maana suala la pengo linapaswa kuzungumzwa siku ileile ya kung'oa, au hata kabla yake.

Nafasi hiyo hutunzwa kwa kifaa maalumu, na kifaa chenyewe hakina makuu. Kwa pengo la jino moja, daktari huvisha pete ya chuma kwenye gego la nyuma, na kwenye pete hiyo huungwa kitanzi cha waya kinachovuka pengo hadi kuligusa jino la upande wa pili wa pengo. Hufanyika kwa mahudhurio mawili hivi: la kwanza la kupima pete na kuchukua umbo la meno kwa unga uliokorogwa kama uji mzito, la pili la kugandisha kifaa kwa saruji ya meno. Mapengo yakiwa pande zote mbili za taya la chini, na meno ya mbele ya kudumu yameshaota, hutumika waya mmoja unaopita nyuma ya meno, upande wa ulimi. Mtoto hatafuni kwa kifaa hicho. Kazi yake ni kuzuia tu. Tofi na bazoka humwondokea kwa muda, kwa sababu hubandua pete, na saruji ikiyeyuka bila kuonekana jino lililo chini ya pete huoza kimyakimya. Kumpeleka mtoto akaguliwe kila baada ya miezi michache si hiari.

Wala sisemi kila pengo livishwe waya. Mtoto aliyeanguka akang'oka jino la mbele, chonge zake zikiwa zimeshaota, kwa kawaida hapotezi nafasi kubwa, na jino la kudumu likiwa karibu kutokeza hakuna sababu ya kumsumbua. Kifaa bora kuliko vyote ni gego lenyewe: likiwahiwa, daktari anaweza kuondoa sehemu ya juu ya mshipa wa fahamu iliyoathirika na kulivisha kofia ya chuma, likaendelea kutafuna na kulinda nafasi hadi siku yake. Mdogo mmoja wa binti yangu ametibiwa hivyo mwaka huu, na hujisifu shuleni kwamba ana jino la chuma.

Kwa dada yake, kuzuia kulishapitwa na wakati. Sasa anavaa kifaa cha kusukuma gego lirudi nyuma, cha bei kubwa kuliko pete na kitanzi, nacho kinamuuma kila kinapokazwa. Daktari ametueleza kwamba nafasi ikishapatikana, atawekewa waya wa kuishikilia hadi jino liote.