Joho Lenye Mkia

Mimi ni mtu mnene mwenye miwani mizito, na mpaka leo sijaelewa ni shetani gani aliyenishawishi kwamba suruali ya kubana ingenipendeza. Lawama nyingine nazipeleka Jiji la Mexico, ambako tetemeko la mwaka 1985 liliacha watu wengi bila makazi, na miaka miwili baadaye akazuka mtu aliyejiita Superbarrio, mwenye barakoa ya mwanamieleka, akawa anawatetea wapangaji wasifukuzwe majumbani. Katika jiji hilohilo akaja kutokea Peatónito, ambaye kwa barakoa na joho lake huwalinda waenda kwa miguu dhidi ya magari. Nikajiambia kwamba ikiwa kuvusha watu barabara ni ushujaa, basi hata mimi ninayehema nikipanda ngazi tatu nimo.

Tulikuwa wanne. Dada mmoja, fundi cherehani, aliishonea barakoa yake kwenye hijabu, ikatulia usoni kuliko zetu zote. Muuguzi mstaafu alikataa barakoa kabisa, akisema uso wake umemgharimu miaka 70 na haoni sababu ya kuuficha. Wa tatu alikuwa kijana anayetumia kiti cha magurudumu, na wa nne mimi, niliyejiteua kuwa kiongozi kwa sababu ambayo sasa naona haya kuitaja: nilidhani wenzangu wangehitaji ulinzi.

"Kaka, hilo joho lina mkia," kijana alinionya. "Lipunguze."

Nikamjibu kwamba shujaa asiye na joho ni mtu aliyetoka na nguo za ndani tu.

Magari yaliposimama kwenye kivuko, niliingia katikati ya barabara, mkono juu kama sanamu. Kumbe pumzi zangu zilikuwa zimepanda ndani ya barakoa na kutanda ukungu kwenye miwani, hivyo nilipomkaribisha kijana apite, sikuona kwamba namkaribisha juu ya joho langu. Gurudumu likalimeza. Nami nilikuwa nimelifunga shingoni kwa mafundo mawili, ili upepo usiniaibishe, kwa hiyo kadiri kiti kilivyosonga mbele nami nilirudi kinyumenyume, nikitapatapa, mpaka nikaketi mapajani mwa mtu niliyekuja kumlinda. Suruali nayo ikapasuka, kwa sauti iliyosikika hata juu ya honi.

Sitaki kusema mengi kuhusu honi. Dada alisimama mbele ya magari, akanyoosha kiganja kimoja, na hakuna dereva aliyethubutu kusogea, jambo ambalo mimi na sanamu yangu hatukulifanikisha. Muuguzi akafika bila haraka, akanishika kwanza mapigo ya moyo, kisha akatoa mkasi mkobani.

"Tulia, mwanangu. Nimekata vitovu vingi kuliko hivi."

Joho likakatika, fundi akasikitikia pindo lake, lakini kwa hali ya suruali sikuweza kuinuka mbele za watu. Kijana akanivusha hivyohivyo, nimelipakata joho lililobaki kama mtoto mchanga. Ng'ambo ya barabara mtoto mmoja alitupigia makofi, akamwuliza mama yake huyu anayebebwa ana nguvu gani.

"Huyo hana," mama akamjibu. "Huyo ndiye aliyeokolewa."