Tulipanga Nyumba ya Mjerumani, Kumbe Ina Wapangaji

Mjomba wangu amefundisha historia maisha yake yote, na tangu astaafu hana wanafunzi ila sisi. Ukipita naye Raskazone, kwetu Tanga, hununui hata muhogo wa kuchoma kabla hujaonyeshwa Waingereza waliposhukia mwaka 1914. Kwa hiyo dada yangu alipokutana na tangazo la nyumba ya mapumziko huko Lushoto, "nyumba ya kihistoria ya enzi za Mjerumani", akalisoma kwa sauti mbele ya Mjomba, basi safari ilishapangwa. Sisi wengine tulibaki kuulizwa nani analeta mchele.

Tangazo lenyewe lilikuwa tamu, lazima niseme. Kuta za mawe, sakafu ya mbao, bustani ya mapeasi, mahali pa kuotea moto pa tangu enzi hizo, utulivu, na "ukaribu na viumbe hai". Hilo la viumbe hai tulilipita haraka, tukidhani ni ndege. Nyumba nzima laki na nusu kwa usiku, mnajipikia wenyewe. Tukachanga, tukatuma nusu ya pesa kwa simu, tukajazana kwenye Noah ya shemeji: Mama, Mjomba, dada na mumewe, mapacha wao, mimi, na pale Mombo ukaongezeka mkungu wa ndizi mbivu, kwa sababu Mama alitajiwa bei akaona haya kuuacha.

Kutoka Mombo kwenda juu ni kilomita 30 na ushee za kona. Ukimaliza moja unaiona nyingine, na upande mmoja ni mlima, upande wa pili hakuna kitu. Mjomba alikaa mbele akihutubia. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili, na walikuwa wakipanda huku kukimbia joto na malaria ya pwani.

"Wao walikimbia joto kwa sababu si lao," Mama akasema kutoka nyuma. "Sisi tunakimbia nini?"

Pale Soni pacha mmoja akatapika. Pacha wa pili hakutaka kupitwa.

Nyumba tuliikuta ni nzuri kweli, hapo sitamsingizia mtu. Kuta nene kiasi kwamba watoto walikaa wote wawili kwenye kina cha dirisha moja wakacheza karata. Sakafu ya mbao ilikuwa inalia kila hatua, kila ubao na mlio wake, hata ukiamka usiku kwenda chooni nyumba nzima inajua umefika wapi. Vitanda virefu vya kupandia. Nje nyuma kulikuwa na pipa la chuma limejengewa kwa matofali, chini yake unachochea kuni, maji ya moto yanakuja bafuni kwa bomba. Na sebuleni, ukutani, kulikuwa na mdomo mkubwa wa mawe meusi kwa masizi ya zamani: ndipo pa kuotea moto. Mjomba alipouona alivua kofia.

Mwenye nyumba hatukumwona. Aliyetupokea ni mzee mmoja wa kijijini anayeitunza, amevaa koti kubwa na buti za mvua, mtu wa maneno machache. Akatuonyesha kuni, akatuonyesha bomba, akatukataza kuingiza jiko la mkaa ndani. Kisha akaielekeza fimbo yake ukutani.

"Dohani hii haijawashwa siku nyingi. Msiiwashe mpaka niipande niitazame. Kesho, mchana."

"Sawasawa, mzee wangu," Mjomba akajibu, kwa ile sauti ya mwalimu aliyeshaanza kufikiria jambo jingine.

Sasa, baridi. Julai ya Lushoto usiku, kwa mtu aliyezaliwa Ngamiani, Tanga, ni kuonewa. Saa moja tu tunaziona pumzi zetu. Mama alivaa sweta, juu ya sweta baibui, juu ya baibui doti nzima ya kanga, juu ya kanga blanketi la kitandani, akawa anatuuliza mmoja mmoja tumemchoka tangu lini. Tukala wali kwa haraka kabla haujapoa, tukashushia ndizi. Mjomba peke yake alikula nne, na kwa vile hakuna televisheni, tukapewa Vita vya Tanga.

Ninayajua kwa moyo. Novemba 1914 Mwingereza analeta kwa meli askari kama 8,000, wengi wao kutoka India. Mjerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, ana kama 1,000, wengi wao Waafrika. Hesabu inasema Mwingereza anachukua mji kabla ya chai. Lakini risasi zinapiga mizinga ya nyuki mitini, nyuki wanatoka, wanauma bila kuuliza bendera. Wakauma pande zote mbili, ila aliyerudi melini kesho yake akaacha nyuma bunduki na risasi ni Mwingereza. Wengine mpaka wakaapa kwamba Mjerumani aliwatega nyuki kwa waya.

"Jeshi zima!" Mjomba akasema huku akimenya ndizi ya tano. "Linakimbia mdudu! Nidhamu hakuna. Askari mwenye nidhamu anasimama pale pale."

Najua mtaona nimeyapanga haya. Mama yupo, muulizeni.

Shemeji, meno yakigongana, akapendekeza lile lile la jiko la mkaa, tulifiche Mzee asijue. Mjomba akamkatalia, na hapo alikuwa na haki: mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, watu wanalala na hawaamki. Akasimama, akaugeukia ukuta.

"Na Mjerumani hakujenga pambo," akasema.

Dada akamkumbusha maneno ya Mzee. Mjomba akasema Mzee ni mtu mwema lakini hakusoma jinsi dohani inavyofanya kazi. Akapanga kuni, akasokota magazeti, akawasha, huku akitufundisha kwamba hewa ya moto hupanda, ikipanda inavuta moshi, moshi unatoka juu, joto linabaki na wenye nyumba. Moshi haukuwa umesoma. Ulitoka wote kwetu. Ndani ya muda mfupi sebule ikajaa, mapacha wakawa wanakohoa kwa zamu, Mama akajifunika gubigubi akatoa shahada.

Mjomba akawasha tochi ya simu, akainamisha kichwa mle ndani pembeni ya moto. "Aah! Kuna kifuniko cha chuma juu. Kimefungwa. Ndiyo maana." Kulikuwa na mkono wa chuma wenye kutu. Akauvuta, haukuja. Akauvuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ameuweka ukutani.

Ukaja.

Kwanza lilianguka sizi, karibu karai zima. Halafu likaanguka sega. Si kipande, ni sega refu kama mkono wa mtu mzima, jeupe upande mmoja, jeusi upande wa pili, likaangukia motoni na asali ikaanza kutoa povu. Kwa sekunde moja nakumbuka nilisikia harufu nzuri sana. Mjomba akalitazama. "Hii ni..." akasema, akiwa bado mwalimu.

Ndipo wakashuka wenyewe.

Mke angekuwapo angeniona sina maana, maana nilifika mlangoni kabla ya watoto. Shemeji alibeba pacha mmoja, dada wa pili. Mama, ambaye kuinuka kwenye kiti humchukua dua mbili, sikumwona akiinuka; nilichosikia ni komeo la bafuni. Nilipogonga akauliza, "Nani?"

"Mimi, Mama. Mwanao."

"Uko peke yako au umekuja nao?"

Hakufungua. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa.

Nyuki usiku hawaoni njia, wanafuata mwanga. Hilo nililiona kwa macho: walikwenda wote kwenye taa ya sebuleni, ikazungukwa mpaka mwanga ukapungua. Dada, mwenye akili kwetu, akarudi akanyoosha mkono mlangoni akazima taa. Nyumba ikawa giza tupu. Mwanga mmoja tu ukabaki nyumba nzima, nao ulikuwa mkononi mwa Mjomba.

Kilichofuata hatukukiona, tulikifuatilia. Tuliuona mwanga ukitoka sebuleni, ukapita koridoni na ubao ukalia, ukaingia chumbani, ukapanda kitanda, ukashuka, ukatokea jikoni, ukaanguka, ukaokotwa, ukatoka nje kwa mlango wa nyuma na kuanza kuizunguka nyumba kwa kasi ambayo mstaafu hapaswi kuwa nayo. Sisi tuko kwenye gari, vioo juu. Ulipopita mbele yetu tukapiga kelele wote kwa pamoja:

"Zima simu! Mjomba, zima simu!"

Mwanga ukasimama. "Nimpigie nani?" akauliza.

"Zima! Zima!"

"Mtandao hakuna huku!" Na wallahi alisimama pale pale, askari mwenye nidhamu, uso umeangaziwa na kioo cha simu, anatafuta namba. Kutoka kwenye kidirisha cha bafuni ikaja sauti ya Mama, tulivu kabisa:

"Kaka, hao ni wa Mjerumani au wa Mwingereza?"

Simu hatimaye aliitupa kwenye mapeasi. Tukamfungulia mlango, akaingia, mlango ukafungwa, tukashukuru. Halafu akavua kofia. Walikuwa humo wachache, na ndani ya Noah iliyofungwa vioo wachache wanatosha. Mimi walinipata sikioni na shingoni. Shemeji walimpata kwenye kope, akawa ananitazama kwa jicho moja usiku kucha kana kwamba mimi ndiye niliyesoma tangazo.

Tulilala garini watu sita. Mama alilala bafuni, kwenye beseni la kuogea la Mjerumani, na mablanketi yote, na maji ya moto. Asubuhi alisema hajawahi kulala vizuri hivyo.

Mzee alifika kulipopambazuka na mwenzake mrina asali aliyebeba ndoo na bomba la kufukizia. Hawakushangaa. Mrina alichungulia sebuleni, akayaona maganda ya ndizi juu ya meza, akacheka kwanza. Akatueleza kwamba nyuki akiuma anaacha harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo inafanana na ndizi mbivu, ndiyo maana mrina hali ndizi siku ya kazi. Mjomba alikuwa amekula tano. Akatueleza pia kwamba moshi kidogo, wa baridi, unamtuliza nyuki: anadhani pori linaungua, anakwenda kujishindilia asali asafiri nayo, hana muda na wewe. Ila ukimwashia moto chini ya nyumba yake, hapo umemtangazia vita.

Mjomba alitaka kujibu. Lakini mdomo wa juu ulikuwa umevimba mpaka puani, kilichotoka ni mvumo tu. Akaonyesha kwa ishara, kwa kunyoosha uzi wa kufikirika kutoka dohani mpaka kwa Mzee, kwamba nyuki wale walitegwa kwa waya. Mzee akatuuliza anasema nini. Tukamwambia anashukuru.

"Nyuki hawa wapo hapa siku nyingi," Mzee akasema. "Nyie wageni ndio mnakuja na kuondoka."

Mwenye nyumba tulimpigia kudai pesa zetu. Alisikiliza vizuri, akatupa pole nyingi, akasema tangazo liko wazi: viumbe hai. Na nusu iliyobaki tuitume kabla ya saa nne.

Kufika saa tatu mrina alikuwa ameshusha ndoo mbili za masega. Akakamua kwa kitambaa, akamimina kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, asali nyeusi inayoshuka polepole. Chupa elfu ishirini na tano.

Hapo Mama akatoka bafuni. Amekoga, amejitanda, hana alama hata moja mwilini. Akachovya kidole, akaonja, akasema elfu kumi na tano. Mrina akasema mama, kazi ya kupanda dohani ni ngumu. Mama akamjibu kwamba sega kubwa kuliko yote aliliangusha kaka yake, usiku, bila vifaa, kwa hiyo sehemu ya kazi imeshafanywa na familia na ipunguzwe kwenye bei. Yule mtu akafikiri, akaona hoja ipo, akashuka mpaka elfu ishirini na mbili.

Mjomba akasogea. Kusema hawezi, lakini hakutaka biashara ipite bila yeye, akainua vidole kumi mbele ya uso wa mrina, akavitikisa. Yule bwana akamtazama ule mdomo, yale macho, ile kofia, kisha akamwambia kwa heshima zote:

"Mwalimu, wewe tulia hapo hapo. Usiguse kitu."