Pawasaplai haiingii? Kasha ndilo liachie nafasi

Ukimwona fundi anaisukuma pawasaplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, kwa kiganja ili iingie ndani ya kompyuta, mwambie asimame. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu limekuwa jambo la kawaida mno hapa Dar es Salaam. Kijana ananunua kompyuta ya ofisini ya mtumba, Dell au HP, kisha anapata kadi ya grafiksi ya gemu au ya kuhariri video. Anaambiwa umeme hautatosha, anauziwa pawasaplai ya wati 750 iliyo ndefu kuliko nafasi iliyopo, na kuanzia hapo kazi inakuwa kuibana. Mimi msimamo wangu ni mmoja: pawasaplai nzuri isiguswe. Kama kuna cha kukatwa, kupinda au kutupwa, kiwe kasha, yaani boksi la nje la kompyuta.

Kabla ya yote, lakini, tuulizane kama hizo wati 750 zinahitajika. Chukua Dell OptiPlex 7010, ile ya mnara. Inakuja na pawasaplai ya wati 275. Prosesa ya Core i5-3470 imepangiwa wati 77. Kadi ya GTX 1050 Ti imepangiwa wati 75, na matoleo yake mengi hayana hata tundu la waya wa ziada, kwa kuwa sloti ya mazabodi, ule ubao mkuu ambao kadi huchomekwa, inaruhusiwa kutoa hadi wati 75. Weka wati 50 za mazabodi, RAM, diski na feni, na hapo nimekadiria kwa ukarimu. Jumla ni 202. Ile iliyokuja na mashine inatosha, na ilitengenezwa kufanya kazi ofisini kutwa nzima. Aliyekwambia uing'oe hakukupigia hesabu.

Wengine wanaogopa upande wa pili, kwamba wati 750 zitamaliza LUKU. Hazimalizi. Namba hiyo ni uwezo wa juu, siyo ulaji. Kompyuta ikihitaji wati 200 itapewa 200, na kinachovutwa ukutani kitazidi kidogo tu kwa sababu ya kinachopotea kama joto.

Hesabu inabadilika ukipanda hadi kadi kama RTX 3060, ambayo peke yake ni wati 170. Hapo pawasaplai kubwa ni haja ya kweli, na hapo ndipo vipimo vinapoanza kuuma. Kiwango cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995, kimefunga upana wa milimita 150 na kimo cha 86, lakini urefu kwenda ndani ya kasha hakikuubana. Ya kawaida ina milimita 140. Zipo za 160, zipo za 180, na zile za wati nyingi sana huvuka 200. Kwa nyuma zote zinafanana, matundu ya skrubu yako palepale, ndiyo maana muuzaji anaapa kwamba "zote saizi moja, bosi". Tofauti iko kwenye tumbo.

Chukua rula, fungua ubavu wa kasha, pima kutoka bati la nyuma hadi kitu cha kwanza kinachozuia. Mara nyingi utakutana na kizimba cha DVD. Ukipata milimita 170 usikimbilie kununua ya 160, kwa sababu urefu unaoandikwa kwenye boksi hauhesabu nyaya. Zile ambazo nyaya zake huchomekwa na kuchomolewa zina plagi ngumu zinazotokeza nje, kisha waya nao unahitaji mahali pa kukunja bila kuvunjika shingo. Mimi huacha sentimita 3 na hata hapo naona ni finyu. Halafu tazama plagi ya mazabodi yenyewe. OptiPlex 7010 inatumia ya pini 24 kama kompyuta nyingine, lakini OptiPlex 9020 ina pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6. Bila waya wa kugeuzia hutawasha kitu, hata ukiwa na pawasaplai ya bei kubwa kuliko kompyuta nzima.

Sasa nafasi ikishindikana, kinachofanyika mafundi wengi wanakijua. Kibaya kuliko vyote ni kuvua ganda la pawasaplai ili ibaki saketi tupu, iingie. Ndani mle kuna kapasita inayokaa na volti mia tatu na zaidi, na inaweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Hakuna gemu lenye thamani ya hatari hiyo. Wengine wanaiacha nje, juu ya kasha, nyaya zikipita kwenye tundu. Wanasahau kwamba skrubu 4 za nyuma hazishiki uzito tu, zinaunganisha bati la kasha na waya wa ethi. Ukichanganya hilo na tabia yetu ya kuchomeka plagi ya miguu miwili kwenye soketi ya mitatu, unamwachia mtoto wa nyumbani kitu ambacho hakipaswi kuguswa. Wapo pia wanaoigeuza ili iingie, feni ikatazama bati lisilo na tundu. Itawaka, ndiyo, lakini itakuwa inajipika taratibu.

Na kuna njia inayoonekana ya busara, ambayo mimi naikataa vilevile: kutafuta nyingine yoyote inayoenea. Utapewa nyepesi kama boksi la viatu, imeandikwa wati 500. Soma lebo, mstari wa 12V, kwa sababu prosesa na kadi vinalishwa kutoka hapo. Ukikuta ampea 18, zidisha kwa 12: ni wati 216. Hizo 500 ni wino tu.

Afadhali kukata bati. Kizimba cha DVD ambacho siku hizi hakitumiki kinaweza kutoka kwa kutoboa ribiti zake, na unapata sentimita nyingi papo hapo. Sharti ni moja: toa kila kitu kwanza, mazabodi hasa. Chembe moja ya chuma kutoka kwenye grainda ikidondoka katikati ya pini za mazabodi inatosha kuimaliza. Ukimaliza kukata, pitisha tupa kwenye kingo zote, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kidogo hadi kitoke kisafi, na usubiri bati likauke.

Kubadilisha kasha zima ni bora zaidi kama mazabodi yako ni ya kawaida. Ya Dell inasumbua: plagi ya kitufe cha kuwashia haifuati mpangilio wa makasha mengine, na bati la matundu ya nyuma limeungana na kasha lake. Kwa mwenye mashine hiyo, au akate kizimba, au atafute pawasaplai ya SFX, ndogo ya milimita 125 kwa 63.5 kwa 100, aifunge kwa bati la kugeuzia. Ni ghali kidogo, lakini zipo zenye wati za kweli.

Ninachowaomba wenye maduka ni kitu kidogo. Mnapobandika bei, bandikeni na urefu kwa milimita. Wati mmeshaziandika kwa herufi kubwa, nafasi bado ipo chini yake.