Kunyoosha meno: kijana ana taya, mtu mzima ana nia

Nimevaa bresi, zile nyaya za kunyoosha meno, mara mbili maishani. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 14 na wazazi ndio walioamua. Mara ya pili nilikuwa na miaka 37, nikaamua mwenyewe. Katikati ya safari hizo mbili kuna droo moja ambamo riteina yangu, kile kipande cha plastiki cha kushikilia meno baada ya bresi kutolewa, ilikaa imesahauliwa mpaka siku nilipoijaribu ikagoma kuingia. Meno ya chini yalikuwa yamerudi kupandana, taratibu, bila maumivu yoyote, na mimi sikuona kitu.

Kwa hiyo siwezi kukaa na wanaosema kunyoosha meno ni urembo mtupu, na wanaotangaza kwamba kila jino lililopinda ni ugonjwa nao siwaungi mkono. Naona tunalikimbilia mno swali la "ninyooshe au niache?" kabla ya kujibu mawili yanayolitangulia: ni nani hasa anayelitaka jambo hili, na nani atalilinda likishakamilika.

Inafaa kujua kwanza kinachotokea ndani ya taya. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Mzizi wake umeshikwa na nyuzi laini, ukanda wenye unene wa takriban milimita 0.2. Waya ukilisukuma jino kwa nguvu ndogo siku baada ya siku, upande unaobanwa kuna seli zinazokula mfupa, na upande unaovutwa kuna nyingine zinazojenga mfupa mpya. Kazi yote inafanywa na mwili, waya unaelekeza njia tu. Ndiyo maana mwendo wenyewe ni kama milimita 1 kwa mwezi, na matibabu kamili mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Ukikaza zaidi ukidhani utafika mapema, damu haipiti vizuri kwenye ule ukanda, sehemu yake inakufa, na jino linasimama mpaka mwili umalize kusafisha. Hata kwa nguvu ya kiasi, karibu kila anayenyoosha meno hupoteza kidogo ncha ya mzizi. Wengi hawatajua kamwe kwamba imetokea. Wachache hufupikiwa na mizizi kiasi cha kuhatarisha jino, na hilo ni jambo la kuambiwa kabla, kwa picha ya eksirei mezani.

Sasa, nani anahitaji? Uingereza walilazimika kulijibu swali hili kwa vipimo, kwa kuwa huduma yao ya afya ya umma haiwezi kumlipia kila mtu. Tangu 1989 wana kipimo chenye ngazi 5 kwa upande wa afya, na picha 10 za kulinganishia kwa upande wa mwonekano. Ngazi ya 5 wamo watoto ambao meno ya juu yamechomoza mbele ya yale ya chini kwa zaidi ya milimita 9, wenye jino lililozuiwa kutoka, na waliozaliwa na mdomo sungura au kaakaa lililopasuka. Ngazi ya 1 ni meno yaliyo sawa kabisa au karibu sawa. Wa ngazi ya 4 na 5 wakiwa chini ya miaka 18 hutibiwa, na wa ngazi ya 3 hutibiwa pale mwonekano unapokuwa umeharibika vya kutosha. Sikisifu kipimo hiki kana kwamba hakina kasoro, lakini kinasema wazi kitu ambacho matangazo hukificha: mpangilio wa meno una daraja, na mtu wa ngazi ya 2 hana shida sawa na wa ngazi ya 5 ingawa wote wawili hawapendi picha zao.

Kwa wa ngazi za juu hoja ya afya ina nguvu. Meno ya juu yakitangulia ya chini kwa zaidi ya milimita 3, hatari ya kuyavunja kwa kuanguka au kugongwa ni kama maradufu. Jino la chonge la juu hupotea njia kwa takriban watu 2 katika kila 100, likabaki limezama mfupani, na huko linaweza kuula mzizi wa jino la jirani bila dalili yoyote. Daktari makini huanza kulipapasa kwa kidole juu ya ufizi mtoto akikaribia miaka 10. Dakika moja ya kupapasa inaweza kumwokolea mtoto jino la mbele.

Kwa wa ngazi za chini hoja hiyo hudhoofika haraka. Husemwa kwamba meno yaliyonyooka hayaozi na fizi zake haziugui. Ushahidi wa hilo ni mwembamba. Mwenye meno yaliyobanana anayepiga mswaki vizuri yuko salama kuliko mwenye meno ya kuvutia asiyejali. Tena matibabu yenyewe huleta hatari yake: chakula hunasa kwenye breketi, vile vipande vidogo vinavyogandishwa mbele ya jino, na kwa asiyesafisha, enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, huanza kupoteza madini ndani ya wiki chache. Siku breketi zinapobanduliwa, jino limenyooka kama lilivyotakiwa, na katikati yake kuna mraba safi uliozungukwa na fremu nyeupe kama chaki. Fremu hiyo hufifia kidogo, lakini mara nyingi haifutiki yote.

Inabaki hoja ya moyo, na hapo ndipo mjadala unapokuwa mgumu. Mwaka 1981 watafiti wa Cardiff walianza kuwafuatilia watoto wa miaka 11 na 12 huko Wales Kusini, wakawarudia miaka 20 baadaye. Waliokuwa wamenyooshwa meno walikuwa na meno bora na waliyaridhia zaidi. Lakini namna walivyojithamini na afya yao ya akili ukubwani havikuonyesha faida ya kutajika iliyotokana na matibabu. Wapinzani huukamata utafiti huo kama rungu. Mimi naukubali, ila nakataa unavyotumiwa. Msichana anayeziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka hajaomba kubadilishiwa nafsi. Anaomba kucheka mkono ukiwa chini. Tafiti nyingine zilizowauliza vijana kuhusu kinywa chao hasa zinaonyesha nafuu ya wastani katika hisia zao na katika kuchangamana na wenzao. Kwangu nafuu hiyo inatosha kuwa sababu, mradi iitwe kwa jina lake. Aseme mzazi, "tunafanya ili mtoto aridhike," na daktari asimtishe kwa magonjwa yasiyokuja.

Nikija kwa vijana, faida yao kubwa ni taya linalokua. Mvulana mwenye taya la chini lililobaki nyuma anaweza kuvaa kifaa cha kulivuta mbele katika miaka anayorefuka kwa kasi, na mwili ukashirikiana. Akishafikisha miaka 25 mlango huo umefungwa: tofauti kubwa ya taya itafichwa kwa kuinamisha meno, au itarekebishwa kwa upasuaji. Hata hivyo, ukuaji haumaanishi kukimbilia. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto akaguliwe ifikapo miaka 7, na wazazi wengi husikia "akaguliwe" wakaelewa "afungwe nyaya". Kwa meno ya juu yaliyochomoza, ushahidi uliokusanywa unaonyesha kwamba kuanza mapema kunapunguza uwezekano wa kuyavunja. Zaidi ya hapo, anayeanza utotoni kisha akarudia ujanani huishia karibu pale pale alipofika yule aliyesubiri akatibiwa mara moja tu.

Na kijana hana kitu kimoja ambacho mtu mzima anacho: amri juu ya uamuzi. Mimi nilikaa kwenye kile kiti nikiwa na miaka 14, mama yangu na daktari wakiongea juu ya kichwa changu, na hakuna aliyeniuliza. Simlaumu mama, alitaka mema. Lakini hesabu ya kazi ni hii: trei za plastiki angavu, zinazosukuma meno badala ya nyaya, huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, vimpira vya kuvuta taya huvaliwa mchana na usiku, na mswaki hupita kuzunguka kila breketi baada ya kila mlo. Hakuna mzazi awezaye kuyafanya hayo kwa niaba ya mwanawe. Kama kijana hajalitaka, heri kusubiri mwaka mmoja. Isipokuwa tu kama kuna jino lililozama au taya linalomaliza muda wake wa kukua. Hapo mzazi akae naye, amweleze, amsikilize, kisha asimame imara.

Mtu mzima ni kinyume chake. Nia anayo tele. Jino lake linasogea kama la kijana, ingawa huanza kwa uvivu zaidi, na miaka 50 haimzuii mtu. Kinachomzuia ni fizi. Ugonjwa wa fizi ukiwa hai na mfupa umeshaanza kupungua, kusukuma meno ni kuuongezea kasi. Lazima ugonjwa utulizwe kwanza, na daktari anayeanza kufunga waya bila kupima fizi ni wa kumkimbia. Pia kuna jambo ambalo sikuambiwa: meno yaliyopandana kwa miaka mingi yakinyooka, ufizi haujazi nafasi kati yake, na karibu na ufizi hubaki pembetatu ndogo nyeusi. Ninazo mbili chini. Nimezizoea, ila ningependa kuzijua kabla.

Zile trei angavu zimewafungulia watu wazima mlango. Kampuni ya Align Technology, inayozitengeneza, ilianzishwa 1997, na wazo lilitokana na mtu mzima aliyewahi kuvaa bresi akagundua kwamba riteina ya plastiki inaweza kusogeza jino. Ni uvumbuzi mzuri, na kwa kasoro za wastani unafanya kazi vizuri. Tatizo lilikuja pale wengine walipomwondoa daktari katikati. Kampuni ya SmileDirectClub iliwatumia watu trei kwa posta, ikafilisika Septemba 2023 na kufunga shughuli Desemba mwaka huo, na wateja waliokuwa nusu ya njia wakaachwa bila wa kuwamalizia. Watetezi wa njia hiyo wana hoja yenye haki: madaktari ni ghali na wachache, na watu wa kawaida wanahitaji njia ya kuwafikia. Naikubali. Lakini trei haiwezi kuona mzizi unaofupika wala ufizi unaotoka damu.

Wapo pia wanaofunga mwanya wenyewe kwa kimpira kidogo kinachozungushwa kwenye meno mawili ya mbele. Kwa wengi mwanya ni urembo na wala haumdhuru mtu, lakini hata asiyeupenda asiguse njia hii. Jino hupungua unene kuelekea kwenye mzizi, kwa hiyo kimpira huteleza juu polepole, kikaingia chini ya ufizi kisionekane, kikaendelea kupanda huku kikikata nyuzi zinazolishika jino. Mwenyewe hudhani kimemtoka usingizini. Baada ya muda meno yote mawili hulegea, na wengine wameyapoteza, meno mazima yasiyo na hata tundu.

Nirudi kwenye droo yangu, na swali la kama meno yaliyonyooshwa hutulia. Edward Angle, Mmarekani aliyeyagawa maumbo ya kung'ata katika makundi matatu mwaka 1899, aliamini kwamba meno yote yanaweza kupangwa bila kung'oa hata moja, na yakishaumana sawasawa yatatulia yenyewe. Mwanafunzi wake Charles Tweed aliifuata imani hiyo mpaka alipoona kazi zake mwenyewe zikiharibika. Akawarudia wagonjwa wake, safari hii akiwang'oa meno yaliyo nyuma ya chonge, na katika miaka ya 1940 akawaonyesha wenzake matokeo. Ugomvi wa kung'oa au kutong'oa ukaendelea, na bado unaendelea. Halafu utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington ukaangalia wagonjwa waliong'olewa, miaka 10 baada ya kuacha riteina: karibu theluthi mbili meno yao ya mbele ya chini yalikuwa yamebanana tena kiasi cha kutoridhisha. Kung'oa nako hakukuyafunga mahali.

Watu hulisingizia gego la mwisho kwamba linasukuma wenzake. Ushahidi haulitii hatiani. Meno ya chini hubanana kadiri umri unavyosogea hata kwa mtu ambaye hajawahi kuguswa na waya. Kwa maana hiyo anayenyoosha anakubali kushindana na mwendo ambao mwili hauachi, na riteina ni ya maisha: ama waya mwembamba uliogandishwa nyuma ya meno, unaohitaji kukaguliwa maana ukibanduka upande mmoja jino huondoka kimyakimya, ama trei ya kuvaa usiku, ambayo hupasuka na kubadilishwa tena na tena. Gharama hiyo na nidhamu hiyo vinapaswa kutajwa siku ya kwanza, pamoja na bei ya bresi, kwa mzazi na kwa mtu mzima vilevile. Mimi niliambiwa siku ya kutolewa nyaya, nikiwa tayari nimeshika mlango.

Trei ya usiku ina kipimo chake, na kila aliyevaa anakijua. Ukiruka usiku mmoja, ukaivaa kesho yake ikaingia bila kubana, meno yametulia kwa sasa. Ikibana, yalikuwa yanatembea, irudishe kila usiku. Yangu, miaka mitatu sasa, bado inabana.