Punguzeni muziki, mama anaongea

Jumapili mpwa wangu alituma video kwenye kundi la familia. Dakika nne za mama yangu kule Muheza, amekaa barazani na beseni la machungwa mapajani, anamenya huku anasimulia. Juu yake limebandikwa biti la bongo fleva, besi inadunda mpaka spika ya simu inakoroma. Midomo ya mama inakwenda, sauti hakuna. Ndugu wakamwaga makopakopa na makofi. Mimi nikamfuata pembeni: sauti ya bibi yako iko wapi?

"Anko, niliizima. Ilikuwa na kelele za kuku."

Kelele za kuku! Muheza isiyo na kuku ni Muheza ya wapi hiyo?

Mama tulimzika mwaka jana. Video yenyewe ilikuwa kwenye simu ya kijana; akaihamishia kwenye laptopu, akaipika, akafuta ile mbichi kila mahali ili apate nafasi. Nimeitazama mara nyingi mpaka naona aibu kutaja. Kuna mahali mama anainua kisu, anakielekeza kwenye kamera, anasema kitu, halafu anacheka mpaka ganda la chungwa linamdondoka. Nasoma midomo, naambulia "wewe" tu. Mwanamke aliyejaliwa ulimi kama ule, nimeachiwa "wewe".

Sisemi muziki ni haramu. Watoto wanaogelea Raskazoni, upepo unanguruma kwenye maiki dakika nzima? Haya, wekeni muziki, hata mimi ningeweka. Picha za mnato zimepangwa foleni? Wekeni. Lakini binadamu akishafungua mdomo, muziki una adabu yake: unakaa chini.

Na wala si kazi ya kuajiri fundi. Kdenlive na Shotcut ni programu za bure za kuhariri video, na zote zinakuruhusu kuweka wimbo kwenye traki yake peke yake huku sauti ya video ikibaki palepale. Mtu akianza kusema, shusha muziki kwa desibeli 20 hivi. Hapo mawimbi yake yanabaki sehemu ya kumi ya ukubwa yaliyokuwa nao. Akinyamaza, pandisha taratibu, usiukate kama luku imeisha. Ukimaliza, isikilize kwa spika ya simu, maana huko ndiko shangazi atakakoisikilizia. Zile spika zako kubwa za mezani zitakudanganya. Na ile video mbichi, kwa heshima ya waliokuzaa, itie kwenye flashi uifungie kabatini. Uliyoipika ni kitoweo cha siku moja.

(Mnaopakia YouTube na nyimbo za wasanii, Content ID, mtambo wao wa kunusa nyimbo zenye hakimiliki, upo tangu 2007 na hausinzii. Msije kunililia.)

Haya, nami nitubu. Enzi za Movie Maker, ile iliyokuwa ikija na Windows, kulikuwa na kitelezi kimoja: huku sauti ya video, huku muziki. Kwenye video ya arobaini ya binti yetu nilikisukuma mpaka mwisho, upande wa taarabu. Nikajiona mtaalamu kweli. Mke wangu akaitazama mpaka pale bibi yake anapomshika mtoto na kumsomea dua, akanigeukia, hakusema neno. Hajasema mpaka leo. Kwa hiyo kijana nimemgombeza nikijijua.

Jana usiku akaniuliza kama hakuna programu ya kuondoa muziki ili bibi asikike. Zipo, tena siku hizi zinatenganisha sauti vizuri ajabu, ila lazima sauti ziwe zimechanganyika humo ndani. Iliyozimwa haimo. Utatenganisha nini na nini?

Dada yangu amepekua simu yake ya zamani akapata ujumbe wa sauti wa mama, sekunde 11. Jogoo anawika nyuma, mlango unagongana, na mama anafoka anataka kujua nani amechukua sufuria yake ya uji.