Kanji iwe tamu sawa, ila huo utamu unatoka wapi?

Kanji ni yale maandishi ya Kijapani yenye asili ya Uchina, kila moja na maana yake, na ubishi wa namna ya kujifunza nimekutana nao kila mahali palipo na watu wanaojifunza Kijapani. Kuna wanaosema kanji lazima iwe burudani, iwe gemu, hadithi za kuchekesha, pointi na leveli, la sivyo mtu anakimbia mwezi wa pili tu. Na kuna wanaosema acheni utoto, chukua daftari la viboksi, andika kanji moja mara thelathini mpaka mkono uzoee, Wajapani wenyewe ndivyo walivyofundishwa. Mi nimepita kote kote na naona kila upande umeshika kitu cha kweli, ila kila upande kuna pahala unakwama.

Kwanza tuelewane ukubwa wa kazi. Mtoto wa Japani anamaliza shule ya msingi akiwa amefundishwa kanji 1,026, darasa la kwanza peke yake ni 80, na orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kila siku, ile ya 2010, ina 2,136. Na yeye anaziona kutwa nzima, kwenye basi, kwenye pakiti ya biskuti, kwenye tivii. Sasa wewe uko Mwanza au Nakuru, umetoka kazini umechoka, unasoma usiku kwenye simu. Mwanzo sisi tunaoongea Kiswahili tunapata raha ya ajabu maana hiragana, zile herufi zao za silabi, ni ka, ki, ku kama tulivyosoma chekechea, na irabu ni zile zile tano, unajiona umeshaiweza lugha. Halafu inakuja 生, hiyo moja inasomeka sei, inasomeka shou, nama, i kwenye kuishi, u kwenye kuzaliwa, na bado. Hapo ndipo wengi wanafunga kitabu, kwa hiyo watu wa burudani wanaposema mwanafunzi anahitaji kitu cha kumbakiza kwenye kiti, wako sawa kabisa, mimi sibishi.

Angalia kilichotokea Japani kwenyewe 2017. Kilitoka kitabu cha mazoezi ya kanji cha watoto wa shule ya msingi ambacho kila sentensi ya mfano, yaani kila moja, ina neno la kitoto la mavi. Ukijumlisha vitabu vya madarasa yote sita ni sentensi zaidi ya elfu tatu, zote zinazungumzia hicho hicho. Watoto walicheka mpaka basi, wazazi wakanunua, kikauza mamilioni ya nakala. Wapo waliokasirika wakasema elimu imeshushwa hadhi. Ila ukikitazama kwa karibu unakuta kitu ambacho wabishi wa pande zote wanakiruka, chini ya hicho kicheko kuna viboksi vile vile, kanji ile ile, sentensi tatu kwa kila kanji, na mtoto anaandika zote kwa mkono. Kazi haijapungua hata chembe, kilichobadilika ni kwamba mtoto anaufungua ukurasa unaofuata mwenyewe bila kusukumwa. Wazee wetu chuoni walilijua hili zamani sana, watoto walipokuwa wanaimba alifu, bee, tee kwa sauti moja ilikuwa ni kukariri kwa asilimia mia, lakini kulikuwa na mdundo na wenzako pembeni, na ile sauti ndiyo iliyobaki kichwani.

Wasiwasi wangu uko kwenye burudani ya pointi. Apu inakupa nyota, inakuhesabia siku ulizofululiza, na usipoangalia unaanza kuilinda ile hesabu badala ya kusoma, unafungua saa tano na dakika hamsini usiku unagusa gusa kadi tano rahisi ili siku isikatike. Nimelifanya hili miezi mizima. Siku niliyoacha kufungua apu sikuwa na hamu ya kanji yoyote, maana hamu ilikuwa ya nyota. Sisemi apu ni mbaya, Anki, apu ya kadi za kukumbuka, naitumia mpaka leo na ule mpangilio wake wa kukurudishia kadi kabla hujaisahau unafanya kazi kweli, nasema tu kwamba nyota haikufundishi kuipenda kanji.

Halafu kuna burudani ya hadithi, na hii ndo inahitaji kupimwa vizuri. Mwalimu anakuchorea 木, mti. Miti miwili 林, kichaka. Mitatu 森, msitu. Mtu 亻 ameegemea mti 木 unapata 休, kupumzika. Darasa zima linasema aah! na kwa hizo kanji za mwanzo hakuna njia nzuri kuliko hiyo. Tatizo ni kwamba kanji za picha ni chache, nyingi sana zimeundwa kwa kuunganisha kipande cha maana na kipande cha sauti, na mwanafunzi aliyeambiwa kila kanji ni picha anafika mahali anabuni hadithi za kulazimisha mpaka kichwa kinauma. Chukua 青, bluu au kijani, inasomeka sei. Weka jua pembeni 晴, anga kuwa safi, hadithi inakubali, jua na bluu. Weka maji 清, usafi, inakubali pia. Sasa weka maneno 請, kuomba au kudai. Maneno ya bluu ndio kuomba? Hadithi imekatika. Lakini zote tatu zinasomeka sei! Kumbe 青 ilikuwa pale kukupa sauti, na kile cha kushoto ndicho kinachokudokeza maana. Mi siku nilipoelewa hili nilikaa mpaka saa nane usiku nikizitafuta familia za namna hii, hakuna aliyenipa pointi. Na wala sauti si ya kuaminiwa mia kwa mia, 寺 inakupa ji, 時 ni ji, 持 ni ji, halafu 待 inakuwa tai na 特 inakuwa toku, inabidi uzijue tu kama mtu anavyojua ndugu wa ukoo waliohama.

Sisi hili halitakiwi kutushangaza. Ukishajua soma, hukuti shida kwenye somo, msomi, masomo, kisomo, unaona mzizi na unaona kilichobandikwa. Kwenye Kijapani 学, kujifunza, inakupa 学生 mwanafunzi, 学校 shule, 大学 chuo kikuu, 学者 msomi. Walimu wanaotufundisha wangeanzia hapo mapema, tusingepoteza nusu mwaka kwenye michoro.

Na pale Dar na Mombasa tuna kitu cha bure. Haya magari yaliyotumika Japani yanakuja na maandishi yake, kuna Coaster hazijabanduliwa stika za 非常口, mlango wa dharura, kuna vipanya bado vina 自動ドア pembeni ya mlango. 自 ni nafsi yenyewe, 動 ni kusogea, na hiyo 動 ukiigawa ni kizito 重 pamoja na nguvu 力, yaani nguvu ikikutana na kizito kinasogea. Mlango unaojisogeza wenyewe. Ongeza 車, chombo cha magurudumu, unapata 自動車, gari. Nilivisoma nikiwa nimebanwa kwenye siti ya nyuma na nilisikia raha ambayo apu haijawahi kunipa.

Sasa wale wa kuandika mara thelathini nao wasipuuzwe. Japani kuna mtihani wa hiari wa kanji, Kanji Kentei, unaanzia kanji 80 unapanda mpaka kama 6,000, na watu wazima wanaenda kuufanya kwa kupenda tu. Maana yake ugumu wenyewe una ladha yake. Kosa la wale wa mara thelathini ni kuugeuza mwandiko kuwa kesi. Nimeshaona daftari limekatwa alama kwa sababu mstari wa kati wa 木 umepindishwa kidogo chini, wakati Wakala wa Utamaduni wa Japani ulishatoa mwongozo 2016 kwamba kupindisha au kutopindisha pale si kosa. Mtu anakatwa alama kwa kitu ambacho Japani yenyewe imekiruhusu, halafu tunashangaa ameichukia kanji.

Na swali la mwisho, ya nini kuandika kwa mkono wakati JLPT, mtihani wa kupima Kijapani cha wageni, ni wa kuchagua majibu, na kwenye simu unachapa matamshi tu kanji inajitokeza? Kwa anayetaka kusoma tu, msimamo wangu ni aandike mia mbili za mwanzo hivi, taratibu, kwa mpangilio sahihi wa mistari, halafu asijitese. Faida yake ni jicho. Mimi nilichanganya 待 na 持 muda mrefu, moja kusubiri, moja kushika, kwenye kadi zilifanana kabisa. Sensei akaniambia andika, taja kila kipande unapokiandika. Kushoto ya 持 ni 扌, mkono, na mkono ndio unaoshika. Kushoto ya 待 ni 彳, njia, mtu kasimama njiani anasubiri. Niliziandika kama mara kumi kila moja jioni ile, na sijazichanganya tena.