Diski kwenye gari la zamani: kosa ni la dramu kweli?

Mwenye gari la zamani akilalamika kwamba breki hazishiki, ushauri anaopewa ni ule ule: ng'oa dramu za mbele, funga diski. Dramu ni ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, na vipande viitwavyo shuu huibana kwa ndani; diski ni sahani ya chuma inayobanwa pande mbili na pedi zilizoshikwa na kalipa. Mara nyingi ni ushauri mzuri. Shida ni kwamba hutolewa kabla ya mtu yeyote kufungua gurudumu na kuangalia.

Dramu nzima ina nguvu kuliko inavyosifiwa. Shuu ya mbele ikigusa dramu inayozunguka, mzunguko wenyewe huivuta na kuibana zaidi, hivyo mguu haufanyi kazi kubwa. Kama breki zako zinaweza kufunga magurudumu mpaka tairi ziburuze, basi kwa kusimama mara moja diski haiongezi kitu. Kinachoamua hapo ni mshiko wa tairi. Gari linalovuta upande mmoja mara nyingi lina shuu iliyolowa mafuta, dramu iliyopoteza umviringo, au limesahauliwa tu kurekebishwa.

Diski hushinda kwenye joto. Dramu ikipata moto hutanuka na kuzikimbia shuu, na pedali huzama. Diski iko wazi, inapigwa upepo, na haiukimbii mbano wa pedi. Gari la mbio Jaguar C-Type lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953 likiwa na diski za Dunlop, na faida yake ilikuwa kushika breki vilevile mzunguko baada ya mzunguko. Maji nayo diski huyatupa, dramu huyatunza. Kwa hiyo anayeteremka milima mirefu, au aliyefunga injini yenye nguvu zaidi, hana haja ya kubishana na mtu.

Wengine wafikirie yale yasiyoonekana kwenye picha ya seti inayouzwa. Diski haijibani yenyewe kama shuu. Inataka presha kubwa, ndiyo maana wengi huishia kuongeza busta, kifaa kinachousaidia mguu kusukuma. Kalipa hutaka mafuta ya breki mengi kuliko silinda za dramu, na masta silinda ya awali, yaani pampu inayosukuma mafuta hayo ukikanyaga pedali, huenda isitosheleze. Mifumo mingi ya dramu ina vali inayobakiza presha ya takriban pauni 10 kwa inchi ya mraba kwenye mabomba. Ikiachwa upande wa diski, pedi zitasugua muda wote. Dramu za nyuma zisipopunguziwa presha zinaweza kufunga kabla ya mbele, na gari linalofunga nyuma kwanza hutanguliza mkia. Rimu pia zinaweza kugusa kalipa.

Mimi pesa ya kwanza ningeipeleka kwingine. Magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana masta silinda ya njia moja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki, yawe na dramu au diski. Masta silinda ya njia mbili haipigiwi picha na mtu, lakini ndiyo ningeanza nayo.

Hoja ya kutunza uasili wa gari naipa uzito mdogo, mradi vipuri vya zamani vihifadhiwe na kusikatwe kitu. Tena kwa baadhi ya magari hoja hiyo haipo kabisa: Ford Mustang ya 1965 iliuzwa na diski za mbele kwa aliyezilipia. Gari ambalo kiwandani halikuwa na chaguo hilo la diski linataka fundi anayeweza kueleza kwa nini amechagua kila vali, si anayejisifu tu kwamba seti imeingia bila kukata chuma.